Anampenda au Anamkubali?

Mama alikuwa anachambua mchele. Sinia mapajani, miwani imeshuka puani, jicho moja kwenye mawe na jingine kwenye televisheni. Mdogo wangu alikuwa amejilaza mkekani anaangalia Neon Genesis Evangelion, anime, yaani katuni ya Kijapani, sehemu ya 24, kwa sauti za Kiingereza, maana anasema hawezi kusoma maandishi ya chini na meseji kwa pamoja. Mimi nilikuwa nyuma yao, napiga pasi, nasikiliza kuliko kutazama.

Wavulana wawili wamekaa kwenye bwawa la kuogea. Kaworu, yule wa nywele za kijivu, anamwambia Shinji kwamba moyo wake ni mwepesi kuvunjika kama kioo. Halafu anamwambia: "I'm saying I like you."

Pasi ikabaki hewani. "Hapana! Si hivyo alivyosema!"

Mama akashtuka. "Kuna nini? Kwani amemwambia nini mwenzake?"

Nikajibu bila kufikiri: "Amemwambia anampenda."

"Haya," akasema Mama, akarudi kwenye mchele wake.

Mazungumzo yenyewe hayakufika nusu dakika. Yamenisumbua wiki sita.

## Neno lililowasha moto

Mnaofuatilia anime mnaujua ugomvi wa 2019, sitaurudia wote. Netflix ilianza kuonyesha Evangelion mwezi Juni mwaka ule ikiwa na tafsiri mpya na sauti mpya. Tafsiri ya zamani, ya kampuni ya ADV ya Houston, Texas, ilikuwa imempa Kaworu neno "love". Mpya, ya Dan Kanemitsu, ikampa "like". Watu wakawaka. Wengi waliona kwamba kilichokuwa wazi kati ya wavulana wale wawili kimefutwa kimyakimya. Kanemitsu akajitetea kwamba mhusika kutamka mapenzi yake ni jambo moja, na mtazamaji kuachwa akisie mwenyewe ni jambo jingine.

Mimi nilikuwa upande wa wenye hasira. Nilianza kuiangalia kwa kopi ya zamani, kwenye flashi niliyojaziwa kwa mtu wa muvi mtaani, na lile "love" lilikuwa limenikaa moyoni. Ukinigusa hapo, unagusa miaka yangu kumi na saba.

Sasa, kwa Kijapani alisema hivi: *Suki tte koto sa.*

*Suki* ni neno la kila siku. Mjapani analitumia kwa tambi, kwa mpira, kwa paka wa jirani. Pia ndilo neno ambalo mwanafunzi anamtamkia mwenzake nyuma ya jengo la shule, mikono ikitetemeka, na hakuna atakayedhani anazungumzia tambi. Lipo neno jingine, *aishiteru*, lakini hilo ni zito kiasi kwamba watu wanaweza kuishi kwenye ndoa miaka mingi bila kulitoa mdomoni. Kaworu hakulitumia. Alitumia lile la tambi na la nyuma ya jengo la shule.

Kiingereza kina milango miwili hapo, na mtafsiri haruhusiwi kusimama kizingitini. Akisema "like", amefunga mmoja. Akisema "love", amefunga mwingine.

Halafu kuna sisi.

Napenda wali wa nazi. Nampenda mama yangu. Mungu anakupenda, imeandikwa nyuma ya daladala. Na yule kijana wa kidato cha tatu aliyeniandikia kwenye karatasi ya daftari, "nakupenda sana tafadhali usimwonyeshe mtu", alitumia kitenzi hichohicho cha wali.

Ndiyo maana Mama alisema "haya". Nilimpa neno lenye ukubwa uleule alioutoa Kaworu, akalipima mwenyewe, akaendelea na mawe yake. Waingereza na Wamarekani wamegombana kwa hilo, na mimi nimelimaliza nikiwa nimeshika pasi!

Nilifurahi sana usiku ule. Furaha hiyo ndiyo iliyoanza kunisumbua.

## Kuhesabu kwa vidole

Siku mbili tatu baadaye niko kwenye daladala kutoka Tabata, nahesabu silabi kwa vidole. *Su-ki-t-te-ko-to-sa.* Kijapani huhesabu ule mkato wa katikati kama pigo linalojitegemea, kwa hiyo ni mapigo saba.

*Ya-a-ni na-ku-pe-nda.* Saba.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Dada aliyekaa pembeni yangu akasogeza mkoba wake.

Si idadi tu. "Tte koto sa" kazi yake ni ileile ya "yaani": maana yake ni kwamba, ninachosema ni hiki. Nilikaa na sentensi hii mfukoni kama mtu aliyeokota noti ya elfu kumi.

Kisha nikajaribu mstari unaoutangulia, na hapo noti ikaanza kuonekana imechanika.

Kabla ya *suki*, Kaworu anamwambia Shinji kwamba anastahili *kōi*. Shinji haelewi, anauliza: *kōi?* Ndipo anapojibiwa. *Kōi* ni neno la kisomi lenye asili ya Kichina, maana yake ni hisia njema uliyonayo kwa mtu, na linaandikwa kwa alama ileile inayoandika *suki*. Kwa hiyo Kaworu anachukua neno la vitabuni na kulifungua kwa neno la nyumbani, na ukiyaandika unayaona ni ndugu. Tafsiri ya Netflix ikaweka "grace". Unastahili "grace" yangu. Undugu wote ukakatika, na kijana akasikika kama mchungaji anayebariki waumini.

Kiswahili nacho kina ghorofa mbili. Tuna maneno ya Kiarabu ya juu na maneno ya Kibantu ya chini, na kijana anaweza kabisa kuuliza la juu maana yake nini. Nikaandika: "Unastahili hisani yangu." "Hisani?" "Yaani nakupenda." Si mbaya, ila hisani tumeizoea kwenye matangazo, kwa hisani ya watu fulani. Nikafuta, nikaandika huba. "Unastahili huba yangu." Lo! Hapo Kaworu kavaa kanzu, taarabu imeanza, watu wanaenda kutuza.

Hapo nikaona kitu ambacho usiku wa pasi sikukiona. Kitenzi chetu hakibagui, lakini majina yake yanabagua. Upendo ni wa kanisani, wa mama na mtoto, wa jirani mwema. Mapenzi ni ya chumbani na ya redio saa nne usiku. Mahaba, usiniulize. Mtafsiri wa Kiswahili anaweza kukaa kizingitini ilimradi ashikilie kitenzi. Akiteleza tu akahitaji jina, naye atafunga mlango mmoja, kama Mwingereza.

## Mdomo una picha tatu

Nilitaka kuwatetea wenye "like". Nikajiambia, labda ni mdomo.

Kazi ya kuingiza sauti za Kiingereza inabanwa sana na mdomo. Mhusika keshachorwa, anafungua na kufunga mdomo mara kadhaa halafu ananyamaza, na sentensi yako lazima iingie humo humo. Mwandishi wa maneno ya Kiingereza anaweza kuwa na tafsiri nzuri mkononi na akalazimika kuivunja kwa sababu mdomo umebaki wazi na maneno yamekwisha. Ndiyo maana mara nyingi unasikia wahusika wakiongeza "you know" na "I mean" zisizo na kazi.

Lakini mdomo wa anime kwa kawaida ni picha tatu: umefunga, nusu, wazi. Hautofautishi herufi. "I like you" na "I love you" zote ni silabi tatu, na neno lenyewe linaanza kwa herufi ileile. Kwenye mdomo wa Kaworu lingeingia lolote. Kwa hiyo mdomo hauhusiki hapa. Mtu alikaa akachagua.

Kilichonishika zaidi ni sauti. Kaworu wa Kijapani ni Akira Ishida, na sauti yake pale haipandi wala haishuki. Anasema *suki* kama mtu anayekwambia saa. Shinji ni Megumi Ogata, mwanamke aliyempa mvulana wa miaka kumi na minne sauti inayosikika kama inaomba radhi kwa kuwepo. Kwa desturi ya Japani waigizaji husimama pamoja studio, mbele ya maikrofoni, wakiitazama picha na kupokezana. Neno linatoka kwa mtu na kumfikia mtu aliye karibu naye.

Mwigizaji wa Kiingereza kwa kawaida yuko peke yake. Ana spika za masikioni, anasikia milio mitatu, pi, pi, pi, na pale ambapo wa nne ungelia ndipo anaanza kusema. Anayeambiwa anapendwa labda alirekodi wiki iliyopita, au atarekodi kesho.

Sisemi haiwezekani. Cowboy Bebop, anime nyingine, kwa Kiingereza siibadilishi kwa chochote. Steve Blum kama Spike, mhusika mkuu, ana ule uchovu wa mtu aliyelala kwenye basi la usiku. Lakini "nakupenda" ya chumba kitupu ina kazi kubwa kuliko maneno yake. Mtafsiri anaweza kuacha mlango wazi. Koo haliwezi. Ukilitamka lazima ulitamke kwa namna fulani.

Na mimi nilimtamkiaje Mama? Haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka maswali yaishe.

## Paka

Sio kila kosa ni la neno. Mengine ni ya kuogopa kimya.

Kwenye Kiki's Delivery Service ya Hayao Miyazaki, ya 1989, binti mchawi anaye paka mweusi, Jiji, anayeongea naye. Katikati ya hadithi uchawi wake unafifia, na hamwelewi tena paka. Mwishoni anaruka tena kwa ufagio, watu wanashangilia, Jiji anamrukia begani na kusema: nyau. Basi. Uwezo wa kuruka umerudi, paka hajarudi. Mtoto amekua.

Disney walipoingiza sauti mwaka 1998, Jiji alipewa Phil Hartman, mchekeshaji hodari. Kila paka alipogeuza mgongo na mdomo usionekane, palijazwa utani. Na mwishoni wakamfanya aongee tena. Mstari mmoja tu, na hadithi ya binti aliyepoteza kitu kisichorudi ikawa hadithi ya binti aliyerudishiwa kila kitu. Toleo la 2010 waliuondoa.

Ya wali wa kufinyangwa wa Pokémon kuitwa donati zenye jemu sina la kuongeza, mshayacheka vya kutosha. Hata kitumbua kingekuwa karibu zaidi. Angalau nacho kina mchele.

## A-

Kuna jambo moja ambalo naona lugha yetu ingelifanya vizuri bila kutoka jasho.

Anime ya Sailor Moon ilipoingia Marekani mwaka 1995, Zoisite, mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake, aligeuzwa mwanamke. Sauti ya kike, "she" kila mahali, yamekwisha. Baadaye wasichana wawili wapenzi, Haruka na Michiru, wakafanywa binamu, na waliotazama wakabaki wanashangaa binamu gani hawa. Hizo zilikuwa hila za makusudi.

Lakini mwangalie Hange, mhusika wa Attack on Titan, hadithi ya vitabu vya katuni iliyofanywa anime. Wachapishaji wa vitabu vyake kwa Kiingereza, Kodansha USA, walikwepa "he" na "she" kwa kuwa mwandishi alitaka jinsia ibaki bila kutajwa. Kijapani kinaruhusu, sentensi nyingi hazina hata mtenda. Katika anime ya Kiingereza Hange akawa "she". Sidhani kuna aliyekuwa na nia mbaya. Lugha ilidai jibu, wakaipa.

Sisi tungesema: amefika, amecheka, amemshika titani mguu. Hakuna ambaye angegundua kwamba kuna siri imetunzwa.

Nilipoandika hivyo kwenye daftari nilijisikia tena ile furaha ya usiku wa pasi. Safari hii nikaishuku mapema.

## Lufufu

Kwa sababu tafsiri kwetu haikuanzia kwenye vitabu vya sarufi. Ilianzia kibanda umiza.

Binamu yangu alikuwa ananipitisha kinyemela, maana wasichana hawakuwa wengi mle. Benchi za mbao, joto, televisheni moja juu ya kabati, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wetu wa filamu. Mtu mmoja anakuwa wote: jambazi, polisi, mama anayelia, ndege inayoanguka. Wahindi, Wachina, Wamarekani, wote wanaongea kupitia koo moja la Kibongo. Hakujali mdomo umefunga au umefunguka. Mhusika akinyamaza, yeye anatueleza anachofikiri. Kenya nao wana DJ Afro na vichekesho vyake. Sijawahi kukutana na mtu aliyetoka kibandani akilalamika kwamba maana ya asili imepotea.

Nilikuwa namkumbuka kwa kucheka tu. Wiki ya tatu au ya nne ya kero hii nikaanza kujiuliza: Kaworu angekuwa mikononi mwa mtafsiri wa kibandani, mbele ya vijana arobaini wa Manzese, angesema nini?

Nilimuuliza mdogo wangu. Yeye anasoma chuo, anaishi hosteli na vijana watatu, mambo ya vijana anayajua kuliko mimi.

Hakufikiri hata kidogo. "Angesema, 'Nakukubali sana mwanangu.'"

"Siyo nakupenda?"

"Dada, nani anamwambia mshikaji wake nakupenda? Unamkubali. Demu ndiyo unampenda. Na yeye siku hizi humwambii hivyo, unamwambia umemwelewa."

Nikanyamaza.

"Hata siku ile," akaendelea, "nilishangaa ulivyomwambia Mama. Jamaa kasema 'like'. Ilikuwa 'anamkubali'. Wewe ukamwekea 'anampenda'."

## Kizingiti kimehama

Alikuwa sahihi, na nimechukia hivyo.

Wiki zote hizo nimekuwa nikiamini kwamba sikuchagua. Kwamba Kiswahili kilinibeba juu ya ugomvi wa Wazungu nikaupita nimeketi. Kumbe "like" ya Netflix tunayo, tena mbichi, ya mtaani, yenye mipaka iliyochorwa vizuri kabisa: hii ya mwanamume kwa mwanamume, hii ya mwanamume kwa mwanamke. Na kwa masikio ya hosteli ya mdogo wangu, "nakupenda" ya Kaworu haisimami kizingitini hata kidogo. Imeshaingia ndani na kuvua viatu.

Kwa masikio ya Mama je? Mama anawaambia "nawapenda" mashemeji, wanakwaya, na muuza samaki akimpunguzia bei. Kwake neno bado ni pana. Kwa hiyo sijui hata kama mimi na mdogo wangu tulisikia sentensi moja iliyotoka kinywani mwangu.

Na kuna jingine, nililiandika nikafuta mara mbili. Nilichagua "anampenda" kwa sababu ndicho ninachoamini Kaworu alimaanisha, na nililisema kwa Mama kwa sababu nilijua hatasikia ninachoamini. Yaani nilisema kweli kwa njia ya kuificha. Kanemitsu angetabasamu. Hicho ndicho nilichomlaumu nacho tangu 2019, kwamba anawaachia watu wakisie.

Lakini bado simkubalii. Sababu yangu iko mbele kidogo kwenye sehemu ileile. Baada ya yote kwisha, Shinji amekaa ufukweni na Misato, mlezi wake, anasema Kaworu alimwambia *suki*, na kwamba ni mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo. Mara ya kwanza! Mtoto wa miaka kumi na minne, mama amekufa, baba amemtupa. Kwa Kiingereza cha Netflix neno linabaki lilelile, "like", na mwigizaji, Casey Mongillo, analibeba kadiri koo linavyoweza, karibu alie. Sauti inasema jambo moja na neno linasema dogo kuliko hilo. Ukimwekea "mara ya kwanza mtu kuniambia ananikubali", unapata kijana aliyekosa marafiki. Huyu amekosa zaidi ya marafiki.

"Mara ya kwanza mtu kuniambia ananipenda." Hapo nitabaki, hosteli icheke.

## Usiku ule, baadaye

Sijawaambia ilivyoisha.

Nilimaliza mashati, nikakaa kwenye mkono wa kochi. Kwenye skrini, Shinji akiwa ndani ya Evangelion, lile jitu analoliendesha, amemshika Kaworu kwenye kiganja cha chuma. Picha inasimama. Hakuna kinachosogea kwa zaidi ya dakika moja, ni ile kwaya ya Beethoven tu inayoimba. Hakuna mdomo wa kufuatisha wala neno la kutafsiri. Toleo la Houston, la Netflix, la Tokyo, yote yanafanana hapo.

Mama akainua kichwa. "Bando limeisha?"

"Hapana Mama," akasema mdogo wangu. "Ndivyo ilivyo."

Akaangalia. Mkono wenye punje za mchele ukabaki juu ya sinia. Kisha ule mlio, na kitu kikaanguka majini.

"Amemuua?"

"Ndiyo."

"Si alisema anampenda?"

"Yule mwingine ndiye aliyesema, Mama. Huyu aliambiwa."

Akafikiri kidogo. "Na huyu hakumjibu?"

Nikajaribu kukumbuka kile kipande cha bwawani, kwa Kijapani, kwa Kiingereza cha zamani, kwa hiki kipya. Mdogo wangu akageuka kunitazama, naye anangoja.

"Hapana," nikasema. "Pale hakumjibu."